UZI: Northampton, mji wa mafundi viatu uliomrudisha mbunge wake mpaka Bunge likachoka

Fundi Soli

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, asiye na bando apite kimya kimya.

Mimi nauza viatu vya mtumba pale Karume. Wanaoijua kazi hii wanajua: ukifungua bale la viatu vya kiume, kuna pea moja au mbili unazisukuma chini ya meza kabla mteja hajaziona. Ni vile vya ngozi ambavyo soli imeshonwa kwa uzi, siyo kubandikwa kwa gundi. Ukichungulia ndani, kwenye kisigino, unakuta maandishi ya rangi ya dhahabu yaliyofifia: Northampton, England. Miaka yote nilijua Northampton ni jina la kampuni. Kumbe ni mji, uko katikati ya Uingereza, kama kilomita 100 kutoka London, na wameshona viatu karne na karne.

Nikaanza kusoma habari za viatu, nikaishia kwenye wabunge wake. Huko ndiko nilikokosa usingizi.

Mji huu ulikuwa na wabunge wawili tangu Bunge la mwaka 1295 mpaka 1918, walipopunguziwa akabaki mmoja. Wakati wa vita vya mfalme na Bunge walikuwa upande wa Bunge, na mafundi wao wakashona viatu vya askari wa Bunge tangu 1642. Mfalme Charles wa Pili aliporudi kwenye kiti akakumbuka vizuri nani alimvisha nani. Mwaka 1662 akaamuru kuta za mji na ngome yake zibomolewe. Kwa hiyo ukaidi wa hawa watu haukuanza jana.

Naruka miaka mia moja, maana katikati hapo ni majina ya malodi tu, nije 1768.

Hapo ndipo penye takrima ya kufa mtu. Viti viwili, malodi watatu. Lodi Halifax na Lodi Northampton waliungana kuwasimamisha watu wao wawili. Lodi Spencer (naam, ukoo uleule aliotoka Princess Diana) akasema haiwezekani, akamsimamisha mtu wake Thomas Howe. Wapiga kura walikuwa kama elfu moja hivi, na wengi ni watu wa kawaida wenye nyumba zao, kwa hiyo haukuwa mji wa kumalizana na watu kumi chumbani. Kila mmoja alitakiwa abembelezwe. Na kura zilikuwa za wazi, unatamka jina mbele ya watu na linaandikwa. Aliyekulisha jana anakusikia leo.

Malodi wakafungua majumba yao. Kula bure, kunywa bure, wiki baada ya wiki. Inasimuliwa kwamba kwa Halifax, kule Horton, divai nzito ya zamani iliisha kwenye mapipa, ikabidi awatolee wageni divai nyekundu ya Kifaransa, ya bei mbaya zaidi. Wapiga kura wakaionja, wakatazamana, wakasema hii imechacha, wakahamia Castle Ashby kwa Lodi Northampton. Mtu kakufungulia chupa ya thamani kuliko nyumba yako, wewe unamnunia.

Matokeo yakapelekwa Bungeni kwa pingamizi, maana siku hizo Bunge lenyewe ndilo lililoamua kesi za uchaguzi. Mwisho kiti kimoja kikabaki kwa Admirali George Rodney, mtu wa upande wa Halifax, na kingine akakipata Howe.

Sasa sikilizeni bili. Lodi Northampton aliuza samani za jumba lake la Compton Wynyates, akakimbilia Uswisi na hakurudi tena. Halifax alikufa 1771 akiwa na madeni. Rodney, inatajwa alitumia pauni 30,000, akawakimbia wadai wake mpaka Paris. Akakwama huko, vita ikanukia, na aliyemkopesha hela za kulipa madeni arudi kwao alikuwa Mfaransa, Marshal Biron. Rodney akarudi, akapewa manowari, na mwaka 1782 akazichakaza meli za Wafaransa haohao kwenye visiwa vya Karibi.

Naenda kufungua meza, narudi jioni.

Kibonge wa Tabata

Huyo Biron mpaka leo anajutia kaburini. Endelea mkuu, nimeshaweka kiti cha mbele.

Babu Tembo

Vijana mnadhani takrima iligunduliwa Dodoma.

Wakili Uchwara

Mleta uzi, swali la kitaalamu. Yule aliyekimbilia Uswisi alikuwa lodi, yeye mwenyewe anakaa Bunge la Mabwanyenye. Sasa anapigania viti vya Bunge la Makabwela ili apate nini?

Fundi Soli

Nimerudi. Wakili, swali zuri. Wabunge hao walikuwa karata. Ukiwa na mbunge wawili watatu mfukoni, waziri mkuu anakusalimia kwanza. Unaomba kazi ya mjomba, cheo cha mtoto, unapata. Isitoshe ilikuwa heshima ya ukoo: nani ni mkubwa hapa mkoani. Mara nyingi hiyo ya pili ndiyo iliyowamaliza.

Na ona kamba inavyovutana. Yule lodi wa Uswisi alifariki 1796. Mtoto wake, ambaye alikuwa mbunge wa Northampton, akarithi ulodi, ikabidi ahamie Bunge la juu. Kiti kikawa wazi. Akapewa binamu yake, wakili mmoja mfupi, mweupe kama karatasi, mcha Mungu kupita kiasi: Spencer Perceval.

Perceval alikuwa mbunge wa mji huu kuanzia 1796, na Oktoba 1809 akawa Waziri Mkuu. Tarehe 11 Mei 1812, saa kumi na moja jioni na dakika chache, anaingia ukumbi wa nje wa Bunge. Kulikuwa na mtu amekaa pembeni ya jiko la kuotea moto, amevaa vizuri, koti lake lina mfuko wa siri alioutengenezea kwa fundi nguo. Akasimama, akampiga risasi ya kifua, kisha akarudi kukaa kwenye benchi akisubiri akamatwe.

Jina lake John Bellingham, mfanyabiashara wa Liverpool. Aliwahi kufungwa Urusi kwa mambo ya madeni, akarudi kwao akidai serikali imlipe fidia kwa kutomtetea. Alizungushwa ofisi hii mpaka ile, njoo kesho, andika barua, peleka kule. Wanaofuatilia mafao mnajua ninachosema, ila msimuige. Kesi ilisikilizwa tarehe 15, tarehe 18 akanyongwa. Wiki moja kamili. Mpaka leo Perceval ndiye Waziri Mkuu pekee wa Uingereza aliyeuawa. Aliacha mjane na watoto kumi na wawili, na Bunge likaidhinisha pauni 50,000 kwa ajili ya watoto.

Kibonge wa Tabata

Kumi na wawili na kazi ya uwaziri mkuu? Alikuwa analala saa ngapi.

Mbeba Box

Mkuu Fundi Soli umenigusa. Mimi nipo Northampton mwaka wa tisa huu, nabeba boksi kwenye maghala ya pembeni ya mji, maana siku hizi mji ni maghala kuliko viatu. Sanamu ya huyo Perceval ipo ndani ya Guildhall, ofisi za halmashauri. Nilienda pale kwa shughuli ya ndoa ya rafiki yangu, tukapiga nayo picha bila kujua ni nani. Nilidhani ni mtunzi wa mashairi.

Fundi Soli

Mbeba Box kaa karibu, nitakuhitaji. Maana sasa nakuja kwa mtu wa uzi huu. Hao wengine wote nilikuwa nawatandikia mkeka.

Charles Bradlaugh. Alizaliwa 1833 mashariki mwa London, kwa watu wa chini. Aliwahi kuwa askari, akawa karani wa wakili, akajisomea sheria mpaka mawakili wenye majoho wakawa wanamkwepa. Na alikuwa mkanamungu, tena siyo wa kujificha. Mwaka 1866 ndiye aliyeanzisha chama cha kitaifa cha watu wa aina yake na kuzunguka nchi nzima akihubiri hivyo majukwaani. Kwenye Uingereza ya Malkia Victoria.

Sheria ya 1867 ilikuwa imewapa kura wafanyakazi wengi wa mijini, na Northampton mfanyakazi maana yake ni fundi viatu. Kumbukeni kazi yenyewe: mtu kakaa kwenye kigoda, kiatu kimebanwa katikati ya magoti, msharasi na nyundo, mikono inafanya kazi lakini masikio yako wazi. Kwenye vibanda vyao mmoja alisoma gazeti kwa sauti wenzake wakishona. Nami nina kibanda, naweza kuwaambia: hakuna watu wabishi wa siasa kama mafundi viatu.

Bradlaugh aligombea 1868, akaanguka. Akagombea 1874, akaanguka. Mwaka huohuo uchaguzi mdogo, akaanguka tena, mashabiki wake wakavunja vioo mjini mpaka askari wakaitwa. Aprili 1880 akapita na kura 3,827, pamoja na tajiri mmoja mcheshi aitwaye Henry Labouchère aliyepata 4,158. Mmoja wa waliomwagwa alikuwa mbunge aliyekuwepo, mwenye kiwanda cha bia. Yaani fundi viatu alimkataa mtu wa bia.

Tarehe 3 Mei 1880 Bradlaugh akaenda kuapishwa. Kiapo kinaishia na maneno "Mungu nisaidie". Akaomba kwa adabu kabisa: mimi siamini, naomba nitoe tamko la dhati badala ya kiapo, kama wanavyofanya mahakamani. Kamati ikakaa, akashindwa kwa kura moja.

Wakili Uchwara

Hapo ndipo sijamwelewa. Si angetamka tu hayo maneno akae? Wangapi wanaapa huku mioyo iko kwingine?

Fundi Soli

Ndiyo utamu wenyewe, Wakili. Alikubali! Alisema basi, kama tamko limekataliwa, nitakula kiapo. Ila kabla ya kuja akaandika barua gazetini kueleza kwamba kwake maneno yale ya Mungu hayana maana yoyote, ila atajiona amefungwa na ahadi yake. Wenzake wakaruka: mtu huyu kishasema kiapo kwake ni kelele tupu, hawezi kuapa! Kwa hiyo tamko hawezi kutoa kwa sababu siyo sheria, na kiapo hawezi kula kwa sababu haamini. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma umefungwa, na wewe ni mbunge halali.

Aliyeongoza kelele ni Lodi Randolph Churchill, baba yake Winston. Tusidanganyane, dini ilikuwa nusu, nusu nyingine ni kumkera Waziri Mkuu Gladstone. Na Gladstone, mtu wa kanisa kuliko wote mle ndani, ndiye aliyesimama kumtetea mkanamungu.

Tarehe 23 Juni 1880 Bradlaugh akaenda mezani, akaamriwa atoke, akagoma. Wakamfunga. Wapi? Ndani ya mnara wa saa, huohuo wa Big Ben mnaoupiga picha. Siku ya pili wakamwachia, maana umaarufu wake ulikuwa unapanda kila saa inapogonga. Hakuna mbunge mwingine aliyefungwa mle tangu siku hiyo.

Julai wakamruhusu atoe tamko kwa hatari yake mwenyewe, akakaa, akawa anapiga kura. Siku ileile ya kwanza mtu akamfungulia kesi: kila kura aliyopiga bila kiapo, faini pauni 500. Machi 1881 mahakama ikasema tamko lile halikufaa, kiti kiko wazi.

Uchaguzi mdogo. Northampton ikamrudisha, tofauti ya kura 132.

Tarehe 3 Agosti 1881 akaja mlangoni kuingia kwa nguvu. Polisi na watumishi wa Bunge wakamkamata. Jamaa alikuwa pande la mtu, wakambeba na kumsukuma ngazi mpaka uani, koti limechanika, amepauka, anahema. Nje wafuasi wake maelfu wanangoja neno moja tu kutoka kwake. Angesema "ingieni", Bunge lingeokotwa vipande. Hakusema.

Februari 1882 akaibuka na jipya. Akatembea mpaka mezani, akatoa Biblia ndogo mfukoni mwake, akatoa karatasi, akajisomea kiapo mwenyewe, akatia sahihi, akaenda kukaa. Kajiapisha! Ukumbi ulichanganyikiwa kama kuku waliotupiwa nyoka. Kesho yake wakamfukuza.

Uchaguzi mdogo. Northampton ikamrudisha, tofauti kura 108.

Mwaka 1883 Gladstone akaleta muswada wa kuruhusu tamko. Ukaanguka 292 kwa 289. Kura tatu, wakuu.

Februari 1884 akajiapisha tena, wakamtoa tena. Uchaguzi mdogo. Northampton ikamrudisha, tofauti kura 368. Ona namba: mwanzo 132, kisha 108, halafu 368. Ya pili ilishuka kidogo, lakini ya tatu mafundi walichemka kweli. Na msidhani wote pale hawakuamini Mungu. Wengi walikuwa watu wa makanisa madogo madogo yasiyo ya serikali, Jumapili wako ibadani. Walichokataa ni watu wa London kuwachagulia nani akae kwenye kiti chao.

Januari 1886, Bunge jipya, Spika ni Arthur Peel. Bradlaugh akaja mezani, watu wakasimama kupinga, Spika akasema hana mamlaka wala wao hawana, mbunge aliyechaguliwa akija kuapa anaapa. Akaapa. Dakika chache tu, baada ya karibu miaka sita.

Na hakulala. Mwaka 1888 yeye mwenyewe akapitisha sheria ya viapo inayomruhusu yeyote atoe tamko badala ya kiapo.

Babu Tembo

Mimi ni mzee wa kanisa na hili la kukana Mungu silipendi. Lakini kama watu wamemchagua mara zote hizo, sasa hilo Bunge lilikuwa la nani?

Nasra_Likoni

Assalam alaykum. Ndugu Fundi, huyu Labouchère mbona nalijua jina lake? Si ndiye wa reli yetu?

Fundi Soli

Waalaykum salaam dada Nasra. Ndiye huyohuyo! Labouchère alikaa mbunge wa Northampton kuanzia 1880 mpaka 1906. Mtoto wa ukoo wa mabenki, mwenye gazeti lake la kufichua matapeli, mdomo kama wembe. Naye dini hakuwa nayo, ila aliapa bila tabu, na kwa utani akajiita "mbunge Mkristo wa Northampton". Malkia Victoria hakumtaka kabisa kwenye baraza la mawaziri.

Serikali ilipotaka kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa Victoria, yeye alipinga Bungeni kwa nguvu zote: inatoka wapi, inakwenda wapi, itabeba nini, nani atalipa? Shairi la kejeli lililoiita njia ya wendawazimu linatajwa kuwa lake.

Nasra_Likoni

Basi babu yangu alizaliwa kwenye nyumba za reli Makupa, na bibi akituambia wale Wahindi waliojenga walikufa kwa maelfu, wengine simba kawala Tsavo. Bunge liliidhinisha pauni milioni tatu mwaka 1896, ilipofika Kisumu 1901 ilikuwa inakimbilia milioni tano na nusu. Kwa hesabu za pesa alisema kweli huyo bwana. Lakini aliwatetea walipa kodi wa kwao, si sisi. Ardhi ilipopita reli hakuuliza ni ya nani.

Fundi Soli

Hapo umepiga msumari, dada. Bradlaugh walau aliangalia ng'ambo. Walimwita "Mbunge wa India", na mwishoni mwa 1889, akiwa mgonjwa, alisafiri mpaka Bombay kuhudhuria mkutano wa Congress, chama cha siasa cha Wahindi.

Alifariki tarehe 30 Januari 1891, miaka 57. Siku tatu kabla, tarehe 27, Bunge lilikubali kufuta kwenye kumbukumbu zake lile azimio la 1880 la kumzuia. Wanafuta, yeye yuko kitandani hajitambui. Hakujua. Kwenye maziko yake alikuwepo kijana wa Kihindi aliyekuwa akisomea sheria London, Mohandas Gandhi.

Kibonge wa Tabata

Gandhi?! Mkuu unatupiga chai au?

Fundi Soli

Kaandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za maisha yake, Kibonge. Kasome.

Waliobaki nawapitia haraka. Mwaka 1923 mji ukamchagua Margaret Bondfield, aliyeanza kuuza dukani akiwa na miaka 14, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza wa chama cha Labour kuingia Bungeni. Mwaka mmoja wakamwangusha, naye akahamia jimbo lingine, na 1929 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili Uingereza. Northampton walimwacha mapema, wajilaumu wenyewe. Kisha Reginald Paget, 1945 mpaka 1974, wakili aliyekwenda Hamburg 1949 kumtetea jenerali wa Hitler, Manstein, bila kuchukua senti. Mbunge wa Labour huyo!

1974 mji ukagawanywa majimbo mawili, Kaskazini na Kusini. Kaskazini akapita Maureen Colquhoun. Ilipojulikana anaishi na mwanamke mwenzake, chama chake cha jimboni kikapiga kura 1977 asigombee tena. Makao makuu yakatengua, lakini 1979 akashindwa. Mji uleule uliomrudisha Bradlaugh. Wapiga kura wa 1880 walikuwa wameshaoza zamani.

Tangu hapo majimbo hayo yamekuwa yakigeuka na upepo wa nchi: 1997 Labour yote mawili, baadaye Conservative, 2024 Labour tena. Hakuna cha kunyima mtu usingizi.

Mbeba Box, ile sanamu ya Bradlaugh ipo?

Mbeba Box

Ipo Abington Square, mkuu, nimepita leo kwa ajili yako. Iko katikati ya barabara, magari yanaizunguka pande zote. Amesimama juu ya nguzo, mkono mmoja kaunyoosha anaonyesha kidole, kama konda anayekuambia gari lako ni lile. Kichwani kuna njiwa wawili. Nimekaa kituo cha basi dakika ishirini, hakuna aliyeinua macho kumtazama. Ila chini kwenye nguzo mtu kaweka maua, bado mabichi, na hayana jina.

Kibonge wa Tabata

Mkuu Fundi Soli, tuache siasa. Zile pea za chini ya meza, namba 43 ipo?

Fundi Soli

Ipo moja, ya kahawia, soli ya ngozi. Kisigino cha kushoto kimelika kidogo. Njoo kabla ya saa nne.